Mdogo wangu mrija wa figo uliumia kwenye operesheni ya kizazi, sasa wanataka kuupandikiza kwa matundu. Waliopitia hili naombeni mawazo

DadaMkubwa_Moro

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana usingizi umenipaa kabisa.

Mdogo wangu ana miaka 39, amehangaika na uvimbe kwenye kizazi miaka mingi, damu zinamtoka mpaka anaongezewa, mwishowe wakakubaliana na daktari kizazi kitolewe. Operesheni ikafanyika hospitali moja huku mkoani, sitaitaja, akaruhusiwa akiwa vizuri tu. Kufika nyumbani akaanza kusema ubavu wa kushoto unavuta, jioni homa, halafu siku hiyo akanivuta pembeni akaniambia kwa aibu dada mimi mkojo unanitoka wenyewe, nalowana mchana na usiku, ila cha ajabu bado naenda chooni na nakojoa kama kawaida.

Tukarudi hospitali, ultrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imejaa maji, tukapewa rufaa Dar. Huko wakasema ule mrija unaotoka figo kwenda kibofu, wao wanauita yureta, umeumia kule chini karibu na kibofu. Wakajaribu kupitisha stenti, ule mpira mwembamba unaokaa ndani ya mrija, kutokea chini ikagoma, basi wakamwekea mpira mgongoni na mkojo wa figo ile unatokea huko kwenye mfuko. Sasa daktari anasema asubiri kidogo halafu atauunganisha ule mrija upya na kibofu, na kwamba anaweza kuifanya kwa matundu bila kupasua tumbo tena.

Ninachotaka kujua, hivi hii ya matundu ni kweli inafaa kwa tatizo zito kama hili au wanatupa moyo tu? Shemeji yangu anasema tuuze kiwanja twende India, mama anasema asiguswe tena na kisu chochote, na mgonjwa mwenyewe kakata tamaa anauliza kwa nini damu yake ya figo inasoma vizuri kama figo ni mbovu. Waliopitia au walio kwenye fani nisaidieni.

Mkata_Uzi

Pole sana dada, na umpe pole mdogo wako, kulowana mkojo kwa mtu mzima kunavunja heshima ya mtu na wengi wanakaa nako kimya miezi. Mimi nipo kwenye mafunzo ya upasuaji wa njia ya mkojo, simjui mgonjwa wako hivyo chukua haya kama maelezo, maamuzi yabaki kwa daktari wake.

Nianze na swali la mwisho maana ndilo linalopoteza figo za watu. Kile kipimo cha damu, kreatinini, kinapima kazi ya figo zote mbili kwa pamoja. Ya kulia ikiwa nzima inabeba mzigo wote na majibu yanatoka safi kabisa huku ya kushoto inakufa taratibu kwa presha ya mkojo uliokosa njia. Na ubaya zaidi, baada ya muda maumivu nayo yanaweza kupungua, mtu akadhani amepona. Kwa hiyo msitulizwe na karatasi ya damu peke yake. Ule mpira wa mgongoni ndio uliookoa figo, na hilo limeshafanyika, kwa hiyo sasa hivi hamko kwenye moto, mna nafasi ya kufikiri.

Sasa kwa nini mrija uliumia. Yureta ina urefu wa sentimita 22 mpaka 30, na kabla haijafika kibofu inapita chini ya mshipa wa damu unaolisha kizazi kama mfereji unavyopita chini ya daraja, sentimita kama moja na nusu hadi mbili tu kutoka shingo ya kizazi. Mshipa ule lazima ubanwe na kukatwa ili kizazi kitoke. Uvimbe ukiwa mkubwa unausukuma mrija kutoka mahali pake, damu ikimwagika daktari anabana haraka, hapo ndipo unapobanwa, unafungwa na uzi, unakatwa au unaungua na moto wa kuzuia damu. Inatokea hata kwa mikono mizuri, na mara nyingi haigunduliki pale pale mezani.

Na hilo la kulowana huku anakojoa kawaida, maelezo yake ni haya. Figo ya kulia inajaza kibofu kama siku zote, ya kushoto mkojo wake unavujia kwenye tumbo la chini na kupata njia ukeni. Ingekuwa kibofu ndicho kimetoboka, mara nyingi asingekuwa na cha maana cha kukojoa. Naamini walimfanyia kile kipimo cha dawa ya bluu.

Kuhusu matundu. Ndiyo, inafaa, na kwa jeraha la chini karibu na kibofu ndiyo mahali pake hasa. Wanatoboa sehemu nne au tano, kila tundu milimita 5 mpaka 12, tumbo linajazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili pawe na nafasi ya kufanyia kazi, mgonjwa yuko nusu kaputi na kitanda kimeinamishwa kichwa chini ili utumbo usogee juu. Wanautafuta mrija pale unapovuka mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, mahali ambapo bado ni pazima, wanaufuata taratibu kushuka mpaka kwenye kovu, wanaukata juu ya kovu kwenye nyama nzima inayotoa damu. Ile sehemu mbovu haishonwi, inaachwa. Halafu wanatoboa njia mpya kwenye kibofu na kuushonea hapo kwa nyuzi nyembamba zinazoyeyuka zenyewe, na ndani wanaacha stenti.

Jambo linaloamua kama itapona ni mshono usivutike na mrija uwe na damu yake. Mrija unavaa kanzu nyembamba ya mishipa ya damu kwa nje, fundi akiuvua kanzu hiyo kwa kuushikashika sana, ncha inakosa damu na inaziba tena baadaye. Sasa kamera ya matundu inakuza picha, hiyo kanzu unaiona vizuri kuliko kwa macho, hiyo ndiyo faida ambayo wagonjwa hawaambiwi, wao wanaambiwa kovu dogo tu.

Mrija ukiwa mfupi haufiki, kibofu ndicho kinachosogezwa kwenda kuufuata. Kinaachiliwa upande mmoja na kushonewa kwenye msuli wa psoasi ulioko nyuma ya tumbo. Bado haufiki? Wanakata kipande cha ukuta wa kibofu chenyewe, wanakiviringisha kuwa bomba na kukiunga na mrija. Hiyo ni mbinu ya Boari, Mtaliano aliyeieleza mwaka 1894, na leo inafanyika kwa matundu pia.

Ulizeni mambo haya kabla ya kuuza kiwanja: pengo lina urefu gani, figo ya kushoto inafanya kazi asilimia ngapi, na huyo daktari operesheni hii hasa ameshaifanya mara ngapi kwa njia anayoipendekeza.

Kisasa_Tu

Dada usikubali kupasuliwa kabisa, kupasua tumbo ni mambo ya kizamani, dunia nzima sasa hivi ni matundu na roboti. Daktari akikwambia anapasua ujue hajui kazi, hama.

Mkata_Uzi

Hapana mkuu, hapo nakupinga kabisa na naomba dada asilibebe hilo. Matundu au kisu kirefu ni njia ya kuingilia, ukarabati wenyewe ndani ni ule ule. Matundu yanakupa maumivu madogo, damu kidogo, kuamka mapema na kurudi kazini mapema, na hayo si madogo kwa mama mwenye familia. Ila kuna watu ambao tumbo limegandamana sana baada ya usaha au operesheni nyingi, kuna waliopigwa mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi ambao nyama zote za nyonga zimekuwa ngumu na damu ni haba, kuna ambao pengo ni refu mpaka inabidi kipande cha utumbo kichukue nafasi ya mrija. Hapo daktari mzuri anaweza kuchagua kufungua tangu mwanzo, au akaanza na matundu akaona hapaendeki akafungua. Kubadili njia katikati ni busara, na mgonjwa asaini akijua linaweza kutokea. Mtu aliyezoea kufungua akakuunganisha vizuri ni bora mara kumi kuliko anayejifunzia matundu kwenye figo yako.

Na hiyo ya matundu si ngeni kama watu wanavyodhani. Ukarabati wa njia ya figo kwa matundu, pale figo inapokutana na mrija, uliripotiwa mwaka 1993. Roboti ya upasuaji ya da Vinci ikaruhusiwa Marekani mwaka 2000.

Pwani254

Pole sis. Mimi niko Mombasa. Shangazi yangu alipata hii kitu baada ya kujifungua kwa operesheni, akaenda India na akafanyiwa kwa roboti. Alivyotueleza ni kwamba daktari anakaa kando kwa mashine yake, anaangalia ndani na kusongesha vidole, na mikono ya ile roboti inajipinda ndani ya tumbo kama kifundo cha mkono, so kushona inakuwa rahisi. Alipona poa na hatujuti. Lakini sasa niseme ukweli wote, pesa ya operesheni haikuwa ndio shida kubwa, shida ilikuwa kukaa kule na mtu wa kumwangalia, na baadaye kurudi na stenti ndani halafu unatafuta mtu huku aitoe na hana faili yake. Mkienda nje hakikisheni mmerudi na ripoti ya operesheni yenyewe ikisema ni nini ilifanywa, sio ile karatasi ya kuruhusiwa pekee.

Tena kabla ya kuuza shamba, watu wa fistula, yaani hiyo shida ya mkojo kuvuja ukeni, wako hapa hapa kwetu. Eldoret kuna hospitali ya Gynocare, na kwenu Dar CCBRT wanatibu wamama wa fistula bila malipo. Kaulizeni kwanza kama shida yake wanaweza kuipokea.

Nesi wa Thieta

Dada naomba niongeze ya kwetu manesi maana madaktari wanaeleza operesheni halafu nyumbani mnabaki na mfuko hamjui muufanyeje.

Mfuko wa mgongoni siku zote ukae chini ya usawa wa figo, akisimama ubanwe kwenye paja, akilala usipandishwe kitandani, uning'inie chini. Akigeuka usiku mpira usivutwe, wengi unawachomoka usingizini, kwa hiyo ubandikwe plasta sehemu mbili, pale unapotokea na chini yake kidogo. Msiache mfuko ujae, umwageni ukifika nusu. Na kila siku andikeni kwenye daftari umetoka mkojo kiasi gani mgongoni kwa masaa 24 na amekojoa kiasi gani chooni. Hilo daftari daktari akilikuta anafurahi kuliko mnavyodhani, kwa sababu linamwonyesha figo ile bado inachuja au imechoka. Mkojo wa mgongoni ukikata ghafla, au akitetemeka kwa baridi na homa, siku hiyo hiyo hospitali hata kama ni saa nane usiku. Mkojo wenye wadudu uliofungiwa ndani ya figo unaua mtu haraka.

Kile kipimo cha dawa ya bluu alichokitaja Mkata_Uzi nimekishika mara nyingi sana. Tunaweka gozi ukeni, tunajaza kibofu dawa ya bluu kwa mpira, tunamwomba mama atembee kidogo halafu tunatoa gozi moja moja. Likitoka limelowa bluu, tundu liko kwenye kibofu. Likitoka limelowa maji tu hayana rangi, ni mrija. Kipimo cha bei ndogo kabisa na kinaweza kufanyika hata wilayani, inaniuma sana nikiona mama ameambiwa kwa miezi kwamba ni maji maji ya kawaida baada ya operesheni wakati gozi tatu zingetosha kumjulisha.

Mzee Kigoda

Mimi ni mwanaume lakini mrija wangu uliziba baada ya jiwe kukaa muda mrefu, kovu likabaki. Kwangu lilikuwa fupi, chini ya sentimita mbili, kwa hiyo hawakunipasua wala matundu, waliingia na kamera kwa njia ya mkojo wakalichana kovu kwa leza na kulipanua kwa puto, wakaacha stenti. Nimeandika ili dada ajue kwamba si kila mrija ulioziba unahitaji kupandikizwa, ila wa mdogo wako naona stenti imegoma kupita kabisa hivyo hiyo njia labda imefungwa kwake.

Nimwandae kuhusu stenti sasa maana hakuna aliyeniandaa mimi. Ni mpira mwembamba laini, ncha zote mbili zimejikunja, moja inakaa kwenye figo na nyingine kwenye kibofu ili isihame. Ukikojoa, kibofu kinapojibana mkojo unarudi juu kupitia humo na unahisi ubavu unachomwa kwa ndani, unashika ukuta. Ukitembea sana au ukipanda bodaboda kwenye barabara mbovu mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi au damu kabisa. Unaenda haja kila dakika. Mimi nilidhani nimeharibiwa. Daktari akaniandikia tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, ikanisaidia sana, nikanywa maji mengi nikapunguza safari. Siku ya kuitoa walitia jeli ya ganzi wakaingia na kamera wakaishika na kuivuta, hata dakika kumi hazikufika na siku ile ile nikaenda nyumbani.

Nesi wa Thieta

Mzee umenena. Na jamani hiyo stenti ANDIKENI TAREHE iliyowekwa na tarehe ya kutolewa, kwenye kadi, kwenye simu, kwenye ukuta. Baada ya kupandikizwa mrija huwa inakaa wiki nne mpaka sita hivi. Tunapokea watu wamesahau, au nauli iliwashinda, wanakuja na stenti imejengeka mawe juu na chini haivutiki, kitu cha dakika chache kinageuka operesheni kubwa.

Ng'wana Shinyanga

Naomba niulize hapo hapo. Kaka yangu mirija yote miwili imebanwa kule chini, wakasema ni kichocho cha utotoni, sisi tumekua tunaoga madimbwini na kwenye majaruba ya mpunga, kukojoa damu tulikuwa tunaona ni kubalehe. Naye anaweza kufanyiwa matundu?

Mkata_Uzi

Pole mkuu. Ndiyo, kichocho cha mkojo ni sababu kubwa huko kwenu, na Unguja na Pemba pia. Mayai ya yule mdudu yanajazana kwenye ukuta wa kibofu na sehemu ya mwisho ya mrija, mwili unayazungushia kovu, na mengine yanageuka chokaa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo yenyewe lakini kovu la zamani haliyeyushi. Operesheni ni hiyo hiyo ya kupandikiza, ila kuna tofauti moja kubwa, kibofu chake nacho kinaweza kuwa kimekakamaa na kidogo, ukikisogeza hakiji na ukikata kipande hakitoshi. Kwa hiyo kibofu chake kichunguzwe kwa kamera kabla ya kuzungumzia matundu au kufungua. Na kwa kuwa ni pande zote mbili, kreatinini yake itapanda kweli, msichelewe kama mnavyoweza kuchelewa kwa mtu wa figo moja nzima. Mirija inaweza kuhitaji kufunguliwa njia ya muda haraka kabla ya mengine yote.

DadaMkubwa_Moro

Ndugu zangu asanteni sana, sina cha kuwalipa. Nimemsomea mdogo wangu yote, kile kipimo cha gozi amesema ndicho hasa walichomfanyia na zilitoka zimelowa bila rangi.

Tumerudi kwa daktari na maswali yenu. Walipitisha dawa ya kuonekana kwenye eksirei kupitia ule mpira wa mgongoni, mrija unaonekana vizuri mpaka chini halafu unakata ghafla, anasema pengo ni kama sentimita tatu kutoka kibofu. Alitupeleka Ocean Road kwenye kile kipimo cha nyuklia kinachoonyesha kila figo inabeba kazi kiasi gani, figo ya kushoto imesoma asilimia 36. Operesheni za namna hii anasema amefanya nyingi, za kufungua na za matundu, na akatuambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba akikuta pamegandamana atafungua. Shemeji kiwanja ameacha kukitaja.

Mama bado ana hofu. Anauliza asilimia 36 si ndogo? Na baada ya hapo atakuwa mzima kabisa au atabaki mgonjwa wa figo?

Mkata_Uzi

36 ni nzuri dada, mwambie mama. Mgawanyo wa kawaida ni karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo ya kushoto imepungua lakini inafanya kazi ya maana. Tunaanza kufikiria kuitoa figo inapokuwa imeshuka chini ya kumi au kumi na tano hivi. Na sentimita tatu kutoka kibofu ni mahali ambapo kibofu kinafikika, akihitaji kukishonea kwenye msuli atafanya hivyo ndani ya operesheni ile ile. Daktari aliyewaambia mwenyewe kwamba anaweza kufungua, mimi ningemwamini.

Atatoka na mpira wa mkojo kwenye kibofu kama wiki moja mpaka mbili ili kibofu kisijae na kuvuta mshono. Kisha stenti kama alivyosema nesi. Muhimu kuliko yote ni baada ya stenti kutoka, watu wanapotea. Ultrasaundi ifanyike wiki chache baadaye, na tena miezi ya mbele, hata kama hana maumivu yoyote, kwa sababu pakibana tena hapatapiga kelele. Figo inaweza kubaki imevimba kidogo kwenye picha hata ikiwa njia iko wazi, msishtuke, kipimo cha nyuklia kikirudiwa ndicho kitakachosema.

DadaMkubwa_Moro

Sawa daktari wangu. Kulazwa ni Jumatatu ijayo. Kuna kitu cha kufanya kabla?

Nesi wa Thieta

Ulizeni kama mkojo wa mgongoni umeoteshwa maabara kuangalia wadudu. Mpira uliokaa muda lazima una wadudu, wanatakiwa wajulikane ni wa aina gani na dawa ipi inawaua kabla hajaingia thieta, na majibu yanachukua siku mbili tatu, kwa hiyo kesho asubuhi muwe pale. Waambieni wauchukue kwenye mpira wenyewe, sio ule uliolala kwenye mfuko. Na daftari lenu mje nalo.